Anayesita Ana Hesabu Zake

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa jijini Dar es Salaam. Seti zilizokuwa zikionyesha taarifa ya habari jioni ile zikabaki na chenga tupu, na aliyetaka kuendelea kutazama akalazimika kutafuta king'amuzi. Miji mingine ya Tanzania ilifuata kwa awamu. Manung'uniko yalikuwa mengi, na jibu lililosikika likawa lilelile la kila kinapoletwa chombo kipya: watu wanaogopa mabadiliko, waelimishwe, watazoea. Kumbe waliolalamika walikuwa wameelewa vizuri sana. Mtu mwenye televisheni nzima, aliyoinunua kwa fedha zake na iliyokuwa ikipokea chaneli bila malipo, aliambiwa anunue kifaa cha pili ili kile cha kwanza kiendelee na kazi yake ya siku zote, na pengine aongeze juu yake malipo ya kila mwezi. Kwamba picha ingekuwa safi zaidi hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa ni nani analipia usafi huo, na nini kinabaki kwenye skrini kifurushi kinapokwisha. Swali hilo lilirudi tena mwaka 2018, pale mamlaka na kampuni za ving'amuzi vya kulipia zilipovutana kuhusu chaneli za bure, na watazamaji wakaziona chaneli walizozizoea zikiondoka.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Februari 2015 mawimbi ya analojia yalizimwa, na vituo vikubwa vya binafsi, vikiwamo Citizen, NTV na KTN, vikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Wamiliki wa vituo hivyo hawakuwa watu wa kuogopa mitambo. Biashara yao yote ni mitambo. Ugomvi wao ulihusu leseni ya kusambaza matangazo: mitambo hiyo iwe mikononi mwa nani, na anayeandaa kipindi amtegemee nani ili kimfikie mtazamaji. Kwa maneno mengine, mwenye kituo cha Nairobi na mama mwenye televisheni moja ya kizamani huko Mbagala walikuwa wakiuliza jambo moja, kila mmoja kwa kiwango chake.

Mifano hii miwili inaonyesha jambo ambalo mijadala yetu kuhusu teknolojia ya burudani na usomaji hulipita juu juu. Mtu anapositasita mbele ya kifaa kipya, mara chache huwa anakikataa kifaa chenyewe. Anachopima ni masharti yaliyofuatana nacho: bei ya kukinunua na bei ya kuendelea kukitumia, umeme na bando, nani atakitengeneza kikiharibika, kama anaweza kumwazima jirani, na kama kitakuwepo mwakani. Hesabu hiyo huifanya kimya kimya, bila kuiandika popote, na kwa sababu haiandiki tunadhani hana. Tunamwita mshamba, ama tunasema bado yuko analojia, kisha tunaendelea na safari. Nadhani tunamkosea, na tunapomkosea tunapoteza taarifa ambayo hata mtengenezaji wa kifaa angeihitaji.

Ushahidi wa kwanza ni kasi ya watu haohao wanapokutana na chombo chenye masharti wanayoyakubali. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata Tanzania, haikuchukua muda kabla ya wazee wa vijijini ambao hawajawahi kuingia benki kuanza kutuma na kupokea fedha kwa simu za vitufe. Hakuna aliyewasubiri waelimishwe kwa semina. Simu walikuwa nayo tayari, wakala alikuwa dukani kwa mtu wanayemfahamu, na fedha ikitumwa inafika. Katika burudani mfano ulio karibu zaidi ni mikanda ya video. Mikanda ya VHS, na baadaye DVD, ilienea hadi kwenye vitongoji ambavyo havikuwahi kuwa na jumba la sinema, kupitia vibanda umiza: chumba cha mabati au makuti, mabenchi, televisheni moja, na kiingilio ambacho kijana wa kubeba mizigo anakimudu. Filamu za Hong Kong, India, Marekani na Nigeria zilikuja kwa lugha ambazo wengi hawakuzielewa. Watu hawakuzikataa wala hawakungoja kampuni zilizozitengeneza ziwakumbuke. Walizaliwa wasimuliaji. Dar es Salaam jina lililovuma ni la Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akitafsiri, akifafanua na kuchomekea utani wake. Kenya akavuma DJ Afro, na Uganda wakazuka wengi wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda.

Jambo hili lina ndugu yake mbali sana, huko Japani. Wakati wa filamu zisizo na sauti, kumbi za Japani zilikuwa na wasimuliaji walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuigiza sauti zote. Baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko nyota wa filamu zenyewe. Filamu zenye sauti zilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1930, benshi waligoma, na historia imewahukumu kama watu waliotaka kuuzuia mto kwa mikono. Ukitazama vizuri utaona kwamba hawa wa Japani na wale wa kwetu wanafundisha somo moja kutoka pande mbili. Watazamaji wa Japani walichelewa kuzipokea filamu zenye sauti kwa sababu tayari walikuwa na sauti, tena hai, inayowajibu. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliipokea DVD upesi kwa sababu waliweza kuitia sauti yao. Pande zote mbili kilichoamua ni nafasi ya mtu kuwa mwenyeji katika chombo hicho, achilia mbali upya wake.

Kwenye vitabu hesabu ni kali zaidi, na hapa ndipo wanaosita wana hoja ambazo kampuni hazijazijibu. Amazon ilipoanza kuuza Kindle Novemba 2007 kwa dola 399, shehena ya kwanza iliisha kwa saa chache, na wengi wakatabiri kwamba karatasi imefika mwisho. Miaka miwili haikupita. Julai 2009, wateja waliokuwa wamenunua nakala fulani za riwaya mbili za George Orwell, Animal Farm na 1984, waliamka wakakuta zimefutwa kwenye vifaa vyao. Aliyeziweka dukani hakuwa na haki ya kuziuza, kwa hiyo kampuni ikazifuta kwa mbali na kurudisha fedha. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi waziwazi. Kwamba mojawapo ya vitabu hivyo inahusu serikali inayofuta maandishi ya jana ni kejeli ambayo hata Orwell mwenyewe angeona imezidi. Lakini tuiache kejeli, tutazame utaratibu. Muuzaji wa vitabu wa Mtaa wa Samora, hata akigundua amekuuzia nakala ya wizi, hawezi kuingia nyumbani kwako usiku akaitoa kwenye rafu. Muuzaji wa kielektroniki anaweza. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu, na kufikia Julai mwaka huo vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha zao, ni kweli, na walioandika maelezo pembeni mwa kurasa walipewa fidia ya nyongeza. Vitabu vyenyewe vilikwenda.

Kwa msomaji wa kawaida hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana kwenye taarifa za biashara. Katika maduka mengi makubwa ya aina hii, ukibofya neno la kununua unakuwa umepewa leseni ya kusoma. Kitabu chenyewe si chako kwa namna nakala ya karatasi ilivyo yako. Huwezi kumuuzia mwenzako ukikimaliza, na mara nyingi huwezi hata kumwazima. Wanao hawatakirithi kama walivyorithi sanduku la vitabu la babu yao. Maktaba zimelionja hili mapema. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliamua kwamba maktaba ikinunua kitabu chake cha kielektroniki, kikishaazimwa mara 26 leseni inakwisha na lazima kinunuliwe upya, kana kwamba faili nalo huchanika na kuchafuka kwa mikono ya wasomaji. Sasa ichukue hali hiyo uilete kwenye jamii ambayo kusoma kwake ni kwa kupokezana. Gazeti moja linalonunuliwa asubuhi kwenye saluni ya kunyoa husomwa na watu wengi hadi jioni, kisha likafungia maandazi. Kwenye meza za magazeti wapo wanaosimama kusoma vichwa vya habari tu, na muuzaji hawafukuzi maana anajua wapo watakaonunua kesho. Riwaya za upelelezi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilizunguka mabwenini hadi majalada yakadondoka. Chombo cha kusomea kinachokataza kuazimana hakijaboresha desturi hiyo. Kimeipiga marufuku, na hakuna sababu ya kushangaa kama watu hawakipokei kwa vigelegele.

Kuna na suala la namna tunavyosoma. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakilinganisha ufahamu wa maandishi kwenye karatasi na kwenye skrini. Karatasi ilishinda, hasa kwa maandishi ya maelezo na pale msomaji alipobanwa na muda. Lililowashangaza wengi ni kwamba tofauti hiyo ilikuwa ikiongezeka kadiri tafiti zilivyokuwa za karibuni, ilhali ilitarajiwa kwamba vizazi vilivyozaliwa na skrini vingeiondoa. Nisitie chumvi: tofauti yenyewe si kubwa, na kwa hadithi haikuonekana kabisa. Anayesoma riwaya kwenye simu ndani ya daladala hajapungukiwa na kitu. Lakini kwa mwanafunzi anayejifunza mfumo wa mmeng'enyo wa chakula huku kesho ana mtihani, tofauti ndogo ni tofauti. Sweden, nchi ambayo hakuna atakayeiita ya kishamba, ilianza mwaka 2023 kutenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi madarasani baada ya miaka mingi ya kukimbilia kompyuta. Wakati huo huo sisi tulikuwa tukihesabu idadi ya vishikwambi kama kipimo cha maendeleo ya shule.

Na hapa inafaa kuikumbuka ahadi ya Kenya. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2013 ilikuwa imeahidi kompyuta ndogo kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Mradi ukachelewa, ukabadilika kuwa wa vishikwambi, na vilipoanza kugawiwa mwaka 2016 shule nyingi zilikuwa kwanza zimelazimika kuunganishwa na umeme. Walimu waliouliza maswali mapema (vitachajiwa wapi, vitalindwa na nani, somo gani lipo ndani yake) waliweza kuonekana wapinzani wa maendeleo. Umeme uliovutwa hadi kwenye shule hizo, kwa maoni yangu, ni faida kubwa kuliko vishikwambi vyenyewe, na ulitokana na maswali ya aina hiyo. Ghana nako shirika la Worldreader lilianza mwaka 2010 kugawa vifaa vya Kindle mashuleni kwa nia njema kabisa. Watoto walisoma zaidi, lakini vifaa vingi vilivunjika, hasa skrini, na baadaye shirika likaelekeza nguvu nyingi kwenye usomaji wa simu, yaani chombo ambacho familia zilikuwa zimekwisha kukichagua zenyewe.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni la umri. Itasemwa kwamba kusita ni maradhi ya wazee, na dawa yake ni muda. Takwimu haziungi mkono. Uchunguzi wa Pew uliofanyika Marekani mwaka 2021 ulikuta asilimia 65 ya watu wazima walikuwa wamesoma kitabu cha karatasi katika miezi kumi na miwili iliyotangulia, asilimia 30 walikuwa wamesoma cha kielektroniki, na asilimia 23 walikuwa wamesikiliza cha sauti. Hiyo ni miaka kumi na minne baada ya Kindle, katika nchi ilikozaliwa, yenye umeme usiokatika na intaneti ya kutosha. Watu wazima wasiosoma chochote isipokuwa kwa njia ya kidijitali walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kwenye muziki mambo yamepinda kwa namna ya kuchekesha zaidi: mwaka 2022 Wamarekani walinunua santuri nyingi kuliko sidii, kwa mara ya kwanza tangu 1987. Wanaozinunua si wazee peke yao waliozikumbuka zilipendwa. Wengi ni vijana waliokulia kwenye nyimbo za mtandaoni, na wangali wanazisikiliza mtandaoni. Wanataka zote mbili. Moja ya kusikilizia njiani, nyingine ya kuwa nayo.

Pingamizi la pili ni la historia, na ndilo linalopendwa zaidi na wauza vifaa. Hoja yake ni kwamba kila kizazi kimekuwa na walalamikaji, na wote walishindwa. Hutajwa Johannes Trithemius, abati wa Kijerumani aliyeandika mwaka 1492 kitabu cha kuwasifu wanaonakili kwa mkono, kisha mwaka 1494 akakipeleka kikachapwe kwa mashine mjini Mainz, nyumbani kwa Gutenberg. Watu humcheka. Mimi naona alikuwa mjanja: alitumia mashine kwa kile inachoweza, yaani kusambaza, na akauliza kuhusu kile alichotilia shaka, yaani kudumu, maana ngozi aliijua kuwa inaishi miaka elfu na karatasi hakuijua. Kuhusu karatasi alikosea. Swali lenyewe halijazeeka. Miswada ya tenzi za Lamu na Pate, iliyohifadhiwa leo Dar es Salaam, London na Hamburg, inasomeka na yeyote anayejua Kiswahili na herufi za Kiarabu. Diski laini za miaka ya 1990 zinahitaji mashine ambayo haiuzwi tena Kariakoo, na hata ukiipata huna uhakika kama programu iliyoandika faili lile bado ipo.

Au mchukue John Philip Sousa, kiongozi wa bendi maarufu wa Marekani, ambaye mwaka 1906 aliandika makala ya kuushambulia muziki wa mashine. Alitabiri kwamba watoto wataacha kujifunza ala, na kwa hilo alitia chumvi. Lakini ndani ya makala ileile alilalamika kwamba kampuni za santuri na za roli za piano zinazojipiga zenyewe zinachukua tungo za watu bila kuwalipa hata senti. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba roli hizo hazihesabiki kuwa nakala za tungo, kwa hiyo hakuna deni. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria mpya ya hakimiliki iliyomlazimisha mtengenezaji kumlipa mtunzi senti mbili kwa kila nakala. Mirabaha ambayo wasanii wa leo huidai kila wimbo unaporekodiwa ina mzizi wake katika ubishi wa watu kama yeye. Aliyeshindwa kuizuia mashine ndiye aliyesaidia kuiwekea sheria, na bila wabishi mashine ingeingia vilevile, ila ingeingia bila kulipa kodi ya nyumba.

Nakubali kwamba si kila kusita kuna heshima hiyo. Jack Valenti, msemaji wa studio za Hollywood, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1982 na kuifananisha mashine ya kurekodi video na muuaji anayemvamia mwanamke aliye peke yake nyumbani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaruhusu mashine hizo kwa tofauti ya kura moja, na haukupita muda mrefu studio zilezile zikaanza kuchuma fedha nyingi kwa kuuza na kukodisha kanda. Afrika Kusini ya ubaguzi iliwanyima raia wake televisheni hadi Januari 1976, kwa hofu ya mawazo yatakayoingia nayo. Binadamu alipotua mwezini mwaka 1969 wao hawakuwa na pa kutazama. Tanzania Bara nayo ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa kwa nchi ambayo redio ilikuwa inafika hadi shambani. Sababu za Pretoria na za Dar es Salaam zilitofautiana kama usiku na mchana, na ile ya Dar es Salaam inaeleweka. Hata hivyo zote mbili, pamoja na ya Valenti, zina kasoro moja: mwenye nguvu alikuwa akisita kwa niaba ya wengine. Mtu anayeamua kutonunua king'amuzi anajipangia matumizi yake. Anayemzuia jirani yake kununua anafanya jambo jingine, hata kama yote mawili tunayaita kusita.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wale ambao karatasi haijawahi kuwafaa. Kwa mtu asiyeona, kitabu cha sauti na simu inayosoma maandishi ndivyo vilivyofungua mlango ambao vitabu vya nukta nundu, kwa uzito na gharama zake, viliufungua nusu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ni mwanachama, uliandikwa ili nakala za namna hiyo zitengenezwe na kuvuka mipaka bila kukwamishwa na hakimiliki. Msomaji wa Kiswahili aliye Muscat au Toronto naye hawezi kungoja kontena la vitabu kutoka Dar es Salaam. Na wilaya nyingi hazina duka la vitabu hata moja, kwa hiyo kumwambia kijana wa huko kwamba karatasi ni bora ni kumwambia asisome. Haya yote ni kweli, na hayaigusi hoja yangu kwa sababu watu hawa hawasiti. Wamekwisha piga hesabu, wakaona chombo kinawalipa, wakakishika. Wakisita, utakuta ni pale programu isiyosoma Kiswahili sawasawa inapowatamkia maneno kama mtalii, au pale malipo yanapodai kadi ya benki ambayo hawana.

Kilichotokea kwa hadithi za Kiswahili kinaonyesha hesabu hiyo ikifanyika mbele ya macho yetu. Riwaya za mfululizo zilizokuwa zikisomwa kwenye magazeti ya udaku zilihamia Facebook na WhatsApp bila kampeni ya mtu yeyote. Mtunzi anaweka sehemu za mwanzo bure, anaikatiza hadithi penye utamu, na anayetaka mwendelezo anatuma fedha kidogo kwa simu kisha anaingizwa kwenye kundi. Simulizi za sauti nazo zimejaa YouTube, zikisikilizwa na mafundi cherehani na madereva wakiwa kazini. Hawa ndio wasomaji walioambiwa kwa muda mrefu kwamba hawana utamaduni wa kusoma, na kwamba kitabu cha kielektroniki kimewashinda. Kilichowashinda ni duka linalotaka kadi, kifaa kinachouzwa kwa mshahara wa mwezi, na faili lisilotoka nje ya programu moja.

Wachapishaji wetu watauliza: tukitoa faili lisilo na kufuli, si litasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla jua halijazama? Linasambaa hata sasa, kwa kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kama zamani lilivyosambaa kwa fotokopi. Tasnia ya muziki ilipita njia hiyo kabla yao. Kwa miaka kadhaa nyimbo zilizouzwa kwenye iTunes zilifungwa zisichezwe popote isipokuwa kwenye vifaa vilivyoidhinishwa, na wanunuzi wengi walisita, wakaendelea na sidii au wakapakua za wizi ambazo angalau zilicheza kila mahali. Januari 2009 Apple na kampuni kubwa za muziki walikubaliana kuziondoa kufuli hizo. Mwaka 2012 Tor, mchapishaji mkubwa wa riwaya za sayansi bunifu, naye akaziondoa kwenye vitabu vyake vya kielektroniki, na bado yuko sokoni. Kampuni nyingi za filamu na vitabu hazijathubutu. Na hadi zithubutu, kijana wa Tandale ataendelea kwenda kwenye kibanda cha kujaza nyimbo na filamu, na flashi yake mkononi, kwa sababu kitakachoingia humo atakuwa nacho hata bando likiisha, na rafiki yake akikitaka atamnakilia.